Kibali cha Kuuza Vitu Vyako Mwenyewe

Kila familia Bongo ina ile picha moja ya ndugu aliyeko Marekani. Ya kwetu imekuwepo kwenye kundi la WhatsApp la familia tangu mwaka 2021: dada na shemeji wamesimama mbele ya nyumba ya matofali mekundu, wameshika funguo, nyuma yao gereji ya magari mawili yenye mlango mweupe. Mama aliipeleka studio ikachapwe kubwa, akaitundika sebuleni pembeni ya saa ya ukutani. Mgeni akija anaonyeshwa kabla hata soda haijafunguliwa.

Basi Aprili 2025 nikapata likizo, nikaifuata nyumba ya kwenye picha. Niwe mkweli, msomaji, sikwenda kutalii tu. Mimi na mume wangu tuna nyumba yetu Madale ambayo imesimama kwenye lenta kwa miaka miwili. Majani yameota ndani mpaka yanachungulia madirishani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikimkuta dada ametulia, nimuombe atukopeshe milioni nane za kupaulia, kama dola elfu tatu hivi. Mwenye nyumba ya gereji ya magari mawili atashindwa? Mume wangu alinisindikiza uwanjani, akaninong'oneza: "Usianze siku ya kwanza." Nikamwambia mimi sio mtoto.

Nilipita Doha, nikashuka Dallas kwenye uwanja wa ndege ambao eneo lake ni kubwa kuliko kisiwa kizima cha Manhattan, na miguu yangu ililitambua hilo. Aprili ndiyo mwezi wa kwenda Texas kama unataka kwenda. Joto halijawa kali, na kando ya barabara kuu yameota maua ya buluu, eneo kubwa tu, mpaka watu wanasimamisha magari na kuwakalisha watoto katikati yake wapige picha. Dada naye alisimama, tukapiga yetu. Nikaona mwanzo ni mzuri.

Mji wao ni mmoja wa ile miji midogo inayoizunguka Dallas, ambayo kwa macho yangu ukiuvuka mmoja hujui umeingia mwingine. Nyumba zote zinafanana kama watoto wa shule waliopanga mstari. Hakuna duka la Mangi, hakuna wa kuuza vocha, hakuna bodaboda. Siku mbili za kwanza sikuona mtu anatembea kwa miguu isipokuwa anayemtembeza mbwa. Ukiishiwa chumvi unawasha gari.

Jioni ya kwanza nilimkuta shemeji nje na mpira wa maji wenye vitundu vidogo, ameulaza chini kuzunguka ukuta wote.

"Shemeji, unamwagilia maua gani hayo? Mbona siyaoni?"

"Simwagilii maua, shemeji. Namwagilia nyumba."

Nilicheka peke yangu. Kumbe sehemu kubwa ya Dallas na viunga vyake imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi mweusi, unaovimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi kikikaza, udongo unajitenga na msingi, msingi unakatika, milango inagoma kufunga. Kwa hiyo watu wanainywesha nyumba maji ili isipasuke. Alinionyesha ufa juu ya mlango wa chumba cha watoto, mwembamba kama unywele. Fundi aliuangalia, akataja bei ambayo shemeji alikataa kuirudia mbele yangu.

Na ile gereji ya kwenye picha? Mlango ulipofunguka sikuona gari. Niliona mashine ya kukimbilia ya mwaka 2020, kochi, baiskeli tatu za kitoto, mti wa Krismasi wa plastiki, kitanda cha mtoto mchanga, na maboksi hadi kwenye dari. Magari yote mawili yanalala nje. "Hapa mtaani wengi ndivyo tulivyo," dada akasema. "Jumamosi tunafanya gereji seli, tutoe haya makorokoro."

Kwetu gereji ni kwa fundi, unarudi umepakaa oili. Wenzetu gereji seli ni kufungua gereji yako siku ya wikiendi, unapanga vitu ulivyochoka navyo mezani, unabandika bei, na majirani pamoja na wapita njia wanakuja kuchagua. Kifupi ni mitumba kabla haijapanda meli. Wapo wanaoipenda kupita kiasi: kila Agosti, tangu mwaka 1987, kuna moja inayofuata barabara namba 127 kutoka Michigan hadi Alabama, maili 690, siku nne, watu wanauza kando ya barabara mwanzo hadi mwisho. Ukitoka Dar kwa umbali huo unakaribia Mwanza.

Ila uuzaji huo una kibali. Hapo ndipo niliposhangaa. Yaani kochi ni langu, nimelinunua kwa hela yangu, nyumba yangu, lakini ili niliweke nje na kulibandika karatasi ya dola thelathini lazima mji uniruhusu! Kila mji una sheria yake. Mwingine hautozi kitu na mwingine usipokuwa na karatasi unapigwa faini. Kwa dada ilikuwa dola 15, kama elfu arobaini za kwetu, unaomba kwa simu, unapewa siku tatu zinazofuatana, mara mbili tu kwa mwaka. Kibali kibandikwe panapoonekana. Kibao cha matangazo kisipachikwe kwenye nguzo ya umeme wala alama ya barabarani. Na hiyo "mara mbili" imeingia hata kwenye sheria ya jimbo: kodi ya mauzo ya Texas inamwacha mtu binafsi auze vitu vyake hadi mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili bila kukusanya kodi. Ukizidisha, wewe sasa ni mfanyabiashara.

Nikamkumbusha dada vitambulisho vya wamachinga vya Desemba 2018, shilingi elfu ishirini kimoja. Akasema, "Tofauti ni kwamba huyo machinga hakuwa na mkopo wa miaka thelathini."

Hakucheka aliposema hivyo.

Kibali kikatoka Jumatatu. Jumatano ikaja barua pepe, sio ya mji, ya chama cha wenye nyumba wa mtaa. Ukinunua nyumba kwenye mitaa kama hii umeshakuwa mwanachama, upende usipende. Unalipa ada, na chama kinakuambia rangi ya mlango wako, urefu wa nyasi zako, na pipa la taka liwe limerudishwa ndani saa ngapi. Barua ilisema gereji seli zinaruhusiwa wikiendi mbili tu kwa mwaka, mtaa mzima kwa pamoja, na ya majira yale imeshapita wiki iliyotangulia. Kibali cha mji mkononi, na bado huuzi.

Mimi nilitaka tuuze hivyo hivyo. Watafanya nini? Shemeji akanisimulia. Mwaka 2008, mji wa Frisco, kaskazini tu mwa Dallas, kulikuwa na nahodha wa jeshi aliyepelekwa Iraq. Nyumba yake ilikuwa na thamani ya dola laki tatu, haina deni la benki hata senti. Mkewe nyumbani alilemewa na mawazo, barua hakuzifungua, ada ya chama ikalala. Kwa deni lisilofika dola elfu moja nyumba ilipigwa mnada kwa dola 3,500. Waliirudisha mwaka 2010 baada ya kesi na kelele za nchi nzima, na mwaka 2011 bunge la Texas likalazimisha vyama hivi kupata kwanza amri ya mahakama. "Kwa hiyo sasa wanapita mahakamani kwanza," shemeji akasema, akarudi kwenye mpira wake wa maji.

Sheria za namna hii zimeanza mbali. Levittown, kule New York, mtaa ulioanza kujengwa 1947 na kuwa mfano wa viunga vya Marekani, ulimkataza mnunuzi kuweka uzio na kuanika nguo nje wikiendi. Nyasi zikatwe kila wiki. Na mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba kukaliwa na asiye mzungu. Ubaguzi wa nyumba ulikuja kupigwa marufuku na sheria ya nchi mwaka 1968. Nyasi zimebaki.

Usiku ule niliamka kunywa maji, nikasoma friji. Sikukusudia. Ila wale watu wanaishi kwenye friji! Dada anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shemeji anaendesha mashine ya kupakia mizigo ghalani mchana na jioni anasambaza chakula kwa gari. Wanapishana mlangoni kama wapangaji. Mawasiliano ya ndoa yote yapo kwenye vikaratasi vya njano: "Mtoto ana homa, dawa saa 4." "Usiguse kadi ya benki mpaka Ijumaa." Kimoja kilikuwa na mwandiko wa dada, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: "Ungeniambia."

Chini yake barua ya benki. Waliponunua mwaka 2021 malipo ya mwezi yalikuwa dola 2,030. Sasa yalikuwa yanakwenda 2,480. Mimi nilidhani mkopo wa riba isiyobadilika haubadiliki. Riba kweli haikubadilika. Ila benki inakusanya pia kila mwezi kodi ya jengo na bima, inaviweka pembeni na kukulipia vikifika. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule na halmashauri zinaitegemea sana kodi ya majengo, na hiyo haisamehi. Bima nayo ilikuwa imepanda. Benki ikagundua ilichokusanya hakikutosha, ikamwandikia shemeji, shemeji akaificha barua kwenye gari miezi miwili akitumaini wikiendi za kusambaza chakula zitaziba. Hazikuziba.

Kuiuza wahame? Wamefungwa. Januari 2021 wastani wa riba ya mikopo ya nyumba ya miaka thelathini ulishuka hadi asilimia 2.65, haujawahi kuwa chini hivyo. Oktoba 2023 ukafika 7.79. Anayeuza alichonunua wakati ule anakwenda kununua au kupanga kwa bei ya sasa. Kwa hiyo wanabaki, wananywesha nyumba maji.

Nikarudi kulala na milioni zangu nane kifuani.

Aliyetuokoa ni rafiki wa dada, mama mmoja wa Kikenya, muuguzi, wanasali pamoja. Anakaa upande wa zamani wa mji ule ule, nyumba za miaka ya sabini, zimeinama kidogo, kila mtu na rangi yake ya mlango, na chama hakuna. "Leteni vitu kwangu," akasema kwenye simu. Mimi nikaona hilo dogo. Kumbe kibali kinafuata anwani. Ikabidi kiombwe kipya kwa jina lake, dola 15 nyingine, na ihesabike kwamba yeye ndiye ameuza. Amebakiwa na nafasi moja kwa mwaka mzima. Kwa kule hiyo ni zawadi, nyie!

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunashusha. Saa kumi na mbili, giza bado halijaisha, wazee wawili wamefika na tochi. Hawa ni wale wanaonunua ili wakauze tena. Wanapekua haraka, hawasalimii. Mmoja akaichukua mashine ya kukimbilia kwa dola 60 tukiwa hatujapanga hata meza.

Biashara yenyewe ilinifurahisha. Bei ni senti hamsini, dola moja, dola tano. Mtu ana gari la mamilioni anasimama kuomba apunguziwe robo dola kwenye kikombe. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, nikajitolea kuwa muuzaji. Kosa langu la kwanza: mama mmoja aliuliza feni ya dola nane, nikamtajia kumi na tano ili tushuke taratibu kama watu wazima. Akanionyesha karatasi ya bei kwa kidole, akaondoka. Dada alinitazama! Baada ya hapo nikajifunza kwamba kule bei inaanzia kwenye karatasi na kushuka, haipandi.

Kitanda cha mtoto kilichukuliwa na vijana wawili, mke na mume, wanaongea Kihispania, tumbo la mke limekaribia. Waliuliza kwa vidole. Dada alikuwa ameandika 40. Akawapa kwa 25, akaongeza shuka na neti bila kuombwa, halafu akaingia ndani kwa rafiki yake akakaa huko kidogo. Sikumfuata.

Nikaendelea kupanga meza, ndipo nikakiona. Kinyago cha ujamaa, cha mpingo, watu wamebebana hadi juu. Nilikinunua Mwenge kwa mshahara wangu wa kwanza, nikakibeba mkononi mpaka kwenye harusi yao kwa kuogopa kisivunjike. Kimebandikwa dola 8.

Dada alipotoka nikamuuliza. Akanijibu taratibu, bila hasira: "Mdogo wangu, ulitaka nikifanyeje? Kikalipe bima?"

Nilifungua pochi, nikatoa noti ya tano na tatu za moja, nikaziweka mezani. Nilitegemea acheke, arudishe, aseme acha ujinga. Alizihesabu. Akazitia kwenye kopo la biskuti pamoja na nyingine. Nikakifunga kinyago kwenye kanga yangu, nikakiweka kwenye gari. Hatukusemeshana kama nusu saa, tukiuza vikombe.

Mchana watu walipopungua yule mama wa Kikenya alituletea chai na maandazi. Barua za nyumbani kwa dada zilikuwa kwenye mfuko aliokuja nao, akazimwaga atafute kalamu, na mwenyeji wetu akaona moja: makadirio ya thamani ya nyumba kutoka ofisi ya kaunti, zile zinazotumwa kila mwaka majira hayo. Akaisoma kama anavyosoma cheti cha mgonjwa.

"Hapa kwa msamaha pako wazi. Nyinyi hamkujaza fomu ya homestead?"

Dada hakujua. Shemeji akasema alijua ni utapeli. Waliponunua nyumba zilikuja barua za kampuni zikitaka malipo zimjazie, akazichana. Kwenye hilo alikuwa na haki, maana fomu yenyewe ni bure. Ila msamaha ni wa kweli. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe Texas anapunguziwa thamani inayotozwa kodi ya shule, na mwaka 2023 punguzo hilo lilipanda kutoka dola 40,000 hadi 100,000. Novemba ile ile ya 2025, mimi nikiwa nimesharudi, wapiga kura wakalifikisha 140,000. Tena ukishaupata, thamani ya kutozwa haiwezi kuruka zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka. Na unaruhusiwa kuomba wa nyuma hadi miaka miwili.

Yule mama akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Ilitoka zaidi ya dola elfu moja kwa mwaka. Miaka minne walikuwa wanalipa kama watu wasiokaa pale.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Leseni yako ya udereva lazima iwe na anwani ya nyumba hiyo hiyo, na ya shemeji ilikuwa bado na ya fleti waliyopanga kabla. Alikuwa hajaibadilisha, kisa yuko bize. Nilimtazama dada nikijua sasa kinanuka. Miaka minne, kwa sababu ya kadi! Dada alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Jumatatu sitalala nikitoka zamu. Tunakwenda wote." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akachukua andazi, akaligawa mara mbili, nusu akampa. Mimi nikaangalia pembeni.

Jioni tulihesabu kopo: dola 640, pamoja na zangu nane. Vilivyobaki vilipelekwa kwenye duka la msaada. Kibao cha matangazo tukakipitia wenyewe kukitoa, maana ukikiacha nacho kina faini. Gereji yao usiku ule iliingia gari moja. Watoto walishangilia kama limefunga goli.

Tulipokuwa tunaosha vyombo dada akaniuliza, bila kunitazama: "Na wewe ulikuja na neno, eti?"

"Nilikuja kukusalimia."

"Mwongo. Nakujua." Akanikabidhi sahani. "Ningekuwa nayo ningekupa."

"Najua, dada."

Mume wangu alipiga saa tano usiku za kule, Dar asubuhi. Swali la kwanza: "Umeongea naye?" Nikaenda nje niongee vizuri, mpira wa maji unatiririka gizani kuzunguka ukuta. Nikamsomea barua ya friji yote, tarakimu kwa tarakimu. Akauliza, kwa hiyo hiyo 2,480 ni ya mwaka? Nikamwambia ya mwezi. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Sisi kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye Luku mwaka 2021, shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, alilalamika wiki nzima kwa niaba ya mama yake.

"Sasa picha ya sebuleni tumwambie nini mama?"

"Usimwambie kitu. Dada atasema mwenyewe akitaka."

"Sawa." Nikasikia anavuta kiti. "Basi tumalizie vile vyumba viwili vya uani, tuhamie. Nyumba kubwa itatukuta hapo hapo."

Nikamuuliza bati ngapi. Akasema anakwenda kupima.